Uuimbe Kwanza kwa Mdomo Wako

Dodoma, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Wimbo wako nimeupata kwenye simu, nikaunakili kwa penseli kwenye daftari langu la kwaya, sauti zote nne.

Unasema nota za solfa umeandikiwa na programu ya akili mnemba. Sikukasirika. Solfa yenyewe ilianza kwa nia ya kurahisisha: Sarah Glover aliwafundisha watoto wa Norwich kuimba kwa herufi, kisha mchungaji John Curwen akaiendeleza na kuieneza Uingereza kuanzia miaka ya 1840, ili watu wa kawaida waweze kuimba. Ni herufi, nukta na vistari tu, kwa hiyo iliweza kupigwa chapa kwa gharama ndogo. Mashine iliyofunzwa kwa maandishi inaiandika kwa sababu hiyohiyo.

Sasa tazama kipimo cha saba: | s :s |l :s :m |. Hesabu kwa kidole. Mapigo matano, na wimbo wako ni wa mapigo manne! Hapo sauti ya tena na ya besi zingegongana. Hilo linarekebishika.

Lililoniuma ni mstari wako mzuri kuliko yote, "Umetuonyesha barabara". Wewe ulikusudia njia. Lakini mashine imeweka pigo zito kwenye silabi ya pili, ba-RA-ba-ra, na anayesikiliza kanisani atasikia kwamba tumeonyeshwa sawasawa. Njia ni ba-ra-BA-ra. Vuta silabi zote nyuma pigo moja, ile "ba" ya pili iangukie mwanzo wa kipimo, na maana itarudi. Nimejaribu mwenyewe jikoni, na wimbo umekuwa mwingine kabisa. Mstari huo ni wako, mwanangu, usikubali upotee hivihivi.

Ukitaka kuyakamata makosa ya hesabu mapema, iambie mashine iandike kwa ABC, mtindo wa herufi ulioanzishwa na Chris Walshaw wa Uingereza. Do ikiwa G, basi d r m inaandikwa G A B. Zipo programu za bure zinazoupiga wimbo ulioandikwa hivyo, na kipimo kilichozidi utakisikia. Mkazo wa maneno hutausikia humo, kwa kuwa kinachopigwa ni sauti ya kinanda. Huo ni lazima uupime kwa kinywa chako.

Na besi umpe kazi. Mahali pengi anafuata tu sauti ya kwanza kwa chini, na wale wazee wanne wa nyuma wamezoea kubeba wimbo.

Njoo Jumamosi kabla ya mazoezi. Mstari wa barabara uuimbe njia nzima ukija, na simu ibaki mfukoni. Daftari na penseli ninavyo.

Shangazi yako