Bagamoyo au Mlimani

Nilichaguliwa kote kuwili. Mama alitaka Mlimani: miaka mitatu, shahada, joho. "Bagamoyo ukapige ngoma tu, mwanangu?"

Mimi nilishafika kule. TaSUBa, ambayo hadi 2007 tuliijua kama Chuo cha Sanaa, iko karibu na bahari. Niliwakuta vijana wanaimba huku wanacheza na kuigiza, yote kwa mpigo, jasho linawachuruzika, mwalimu anapiga kelele, "Tena!" Mlimani nako wanafundisha muziki na maigizo, sikatai. Ila miguu yangu ilishachagua. Kichwa ndicho kilichobisha, nacho kilikuwa kinamwogopa mama tu.

Jumatatu nikalipia Bagamoyo. Mama hakuomba kuona risiti. Usiku alinikunjia kanga yake moja, akaitia begini, kimya. Maandishi yake nimeyasomea bwenini.