Boksi Kwanza, Spika Baadaye

Mwaka 2006, mtu akitafuta sabufa Hai Malakal, mtaa wa Juba, aliulizwa maswali mawili tu: inchi ngapi, wati ngapi? Mkataba wa amani wa Sudan ulikuwa umetiwa saini Januari 2005, Juba inajaa watu kila wiki, na sisi mafundi kutoka Kenya na Uganda tulikuja na ujuzi wetu mikononi. Mzigo ulipanda kutoka Kampala kupitia Nimule kwa barabara ya vumbi na mashimo. Spika nyingine zilifika koni zimechanika. Zilizofika nzima hazikulala dukani.

Wati zilizoandikwa kwenye katoni zilikuwa za kutisha: 1,200, 2,000, hata 3,000. Wateja wangu wengi walikuwa vijana waliokulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, Kiswahili chao kimenyooka kuliko cha baadhi yetu. "Fundi, nipe ya wati elfu mbili, nataka mtaa mzima usikie." Nyumbani kwake palikuwa na jenereta ndogo ya wati 650, hiyohiyo ikiwasha taa na televisheni. Amplifaya haiwezi kutoa nguvu isiyoingia ndani yake. Besi ikipiga, taa zilififia, jenereta ikakohoa, na sauti ikakwaruza. Namba ya katoni ilikuwa ya kilele, mkupuo wa kufumba na kufumbua. Wati ambazo koili inaweza kuzibeba usiku kucha bila kuungua ni zile za RMS, na kwa bidhaa nyingi za wakati ule zilikuwa sehemu ndogo mno ya ile namba kubwa.

Maboksi tulichongewa na maseremala wa makabati. Yalipendeza: yamepakwa vanishi, kona zimelainishwa. Lakini plaiwudi ilikuwa nyembamba na imepigwa misumari, hewa inavuja kwenye maungio. Ukigonga ubavu kwa kidole, ubao uliitikia. Kilichotoka humo ni mvumo mmoja, noti zote za besi zikifanana. Hilo liliniuma sana kwa rumba ya Kongo, ambayo Juba inaipenda kwa moyo wote. Kwenye sebene, ile sehemu ya magita, gita la besi hutembea, huruka, husimama ghafla. Boksi bovu hulifuta lote likabaki tetemeko.

Mabadiliko yalianza na lami. Barabara ya Nimule hadi Juba, kilomita 192, ilikamilika mwaka 2012, na spika za magari zenye karatasi ya vipimo zikaanza kufika bila kuvunjika. Vipimo hivyo vilitokana na kazi ya Neville Thiele wa Australia, mwaka 1961, iliyoendelezwa na Richard Small miaka ya 1970: Fs, masafa ya mtikisiko wa asili wa koni, Vas, ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na ule wa kining'inizio cha koni, na Qts, jinsi spika inavyojizuia isiendelee kutikisika. Nilizoea kuangalia Qts kabla ya bei. Ikiwa chini ya 0.4, spika mara nyingi inafaa boksi la tundu. Ikizidi hapo, naiweka kwenye boksi lililofungwa kabisa.

Hapo maseremala nao wakabadilika, na nawashukuru. Nakumbuka mmoja akichukua futi kamba: boksi la sentimita 50 kwa 40 kwa 30, hesabu yake lita 60. Nikamwambia, "Mzee wangu, pima ndani." Kwa ubao wa MDF wa milimita 18, ndani zilibaki lita 44 na nusu hivi, na hapo hujatoa nafasi ya sumaku wala ya bomba la hewa. Alinyamaza, akapiga hesabu upya kwa penseli juu ya ubao wenyewe. Tangu siku hiyo hakukata mbao kabla ya kuiona karatasi ya spika. Akatumia gundi na skrubu, akaziba maungio kwa silikoni, akaweka mhimili katikati.

Kuna kanuni ya Josef Anton Hofmann ambayo sijaona ikishindwa: boksi dogo, besi ya chini kabisa, na sauti kubwa kwa wati chache, chagua mawili, la tatu utalikosa. Hai Malakal ilinifundisha kuchagua kwa kuangalia kuta. Vyumba vingi ni vya mabati, ua mmoja familia kadhaa. Wimbi la sauti ya hezi 40 lina urefu wa mita 8 na nusu hivi, refu kuliko chumba chochote nilichopanga pale, na bati haliwezi kulizuia. Msumari mmoja uliolegea hulia usiku mzima. Tena mtaa una makaburi yake. Waombolezaji hupita, na besi haipaswi kuwafuata.

Vita vya Desemba 2013, kisha Julai 2016, vilitutawanya. Wengine hawakurudi. Nilipofungua duka tena nilikuta watu wanauliza kwanza bei ya petroli ya jenereta. Mwishoni mwa 2019 kituo cha umeme cha megawati 33 kilianza kazi Juba, na waliounganishwa waliacha kuchagua sabufa kwa kuhofia nguvu ya jenereta.

Kwa harusi na ibada za uwanjani nachagua boksi la tundu: inchi 12, lita 55 hivi, limepangwa kwenye hezi 35, na kichujio cha kukata sauti za chini ya hapo, maana huko koni hukosa hewa ya kuizuia na hujichana. Kwa chumba nachagua boksi lililofungwa: inchi 10, lita 25, wati 250 za kweli. Juzi kijana aliitazama hiyo ya chumbani kwa mashaka. "Mzee, hii ndogo itatosha?" Nikamwekea sebene. Akasogeza kiti, akasikiliza gita la besi mpaka mwisho, kisha akaniomba niende kwake nikapige misumari ya mabati kabla hajalipa.