Shuka za Mikumi

Jumapili, 21 Julai 2024. Kilosa

Mama mdogo hataki cherehani yangu ikae karibu na mlango wa uani. Nilidhani anaogopa wezi. Kumbe ni mto Mkondoa. Humu ndani kila chenye thamani kimepandishwa: kabati liko juu ya matofali, sanduku la vitenge juu ya boriti, hata godoro la wageni limefungwa kamba darini. Sasa hivi ni kiangazi, mto umenywea, vijana wanachota mchanga katikati yake, lakini yeye amejipanga kana kwamba maji yatabisha hodi usiku wa leo. Simlaumu. Mwishoni mwa Desemba 2009 mto ulivunja tuta ukaingia mjini na kuharibu reli, na watu wengi waliishi kwenye mahema muda mrefu. Binti wa jirani, mwanafunzi wa sekondari sasa, nilitambulishwa kwake hivi: "Huyu alikuwa tumboni siku ya maji." Jina nililiuliza mwenyewe baadaye.

Alhamisi, 25 Julai. Kilosa

Leo treni ya umeme imeanza safari za Dar hadi Dodoma. Redio ya jirani haina habari nyingine tangu asubuhi. Nauli shilingi 31,000, mwendo wa saa tatu na kitu, viyoyozi, viti vya kulala nyuma. Mama mdogo alikuwa anapukuchua mahindi, akasikiliza yote mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: madirisha yake yanafunguka?

Nikamwambia hayafunguki, kuna kiyoyozi.

"Basi hiyo ni ya abiria," akasema, akaendelea kupukuchua.

Amesomesha watoto wanne kwa madirisha. Treni ya bara, ile ya reli ya Mjerumani iliyofika Kigoma mwaka 1914, ikisimama Kilosa yeye yuko chini na beseni la mihogo kichwani, mkono mmoja juu na mmoja chini kupokea hela. Anajua behewa lipi lina watu wa kununua na lipi la watu wa kuuliza bei. Usiku anajua kwa sauti tu.

Reli mpya yenyewe anaisifu. Imekwenda juu milimani, imetobolewa mahandaki manne. "Wameukimbia mto. Wana akili kuliko Mjerumani."

Jumanne, 30 Julai. Mikumi

Nimeleta shuka thelathini na foronya zake kwenye gesti moja ya barabarani. Njia nzima ni vumbi. Nilizifunga ndani ya nailoni mara mbili na bado ile ya juu imeingia wekundu. Konda alikuwa anaita "Ulaya, Ulaya, nafasi mbili!" na mimi peke yangu ndani ya gari nikacheka. Ndiyo kijiji, kipo hapo katikati ya njia, na watu walioshukia huko walikuwa na madumu na kuku.

Swali lililonisumbua tangu oda ya kwanza: mji mdogo hivi, vitanda vyote hivi vya nani? Watalii ni wachache, tena wengi wao wanalala kwenye hoteli za hifadhini au za kule nje. Leo jioni nimepata jibu bila kuuliza. Kuanzia saa kumi na mbili malori ya Zambia na Kongo yanaanza kuingia pembeni mwa barabara moja baada ya jingine. Mbele kuna kama kilomita hamsini za lami ndani ya hifadhi, matuta kila mahali, na mabango ya faini kwa atakayegonga mnyama. Dereva mmoja aliyekuwa anasubiri chipsi aliniambia yeye usiku hapiti. "Dada, tembo hana taa za nyuma."

Kwa hiyo hapa kinachouzwa ni usingizi. Wali, chai, gereji, bafu la maji moto, vyote vinafuata nyuma yake.

Jumatano, 31 Julai. Mikumi

Mwenye gesti hataki tena shuka nyeupe. Dizeli haitoki. Anataka bluu iliyokolea au kahawia, na pindo pana kwa sababu wageni wake ni warefu na wanalala na soksi. Nimeandika.

Saa kumi na moja alfajiri injini zote ziliwaka karibu kwa pamoja. Aliyelala hapa hahitaji saa.

Jumamosi, 10 Agosti. Kilosa

Joto. Uzi umepanda bei. Bobini imenisumbua kutwa.

Jumatatu, 19 Agosti. Njiani, Mikumi hadi Morogoro

Kitambaa kimeisha, nafuata Morogoro. Basi limekata hifadhi saa nne asubuhi. Nyani wamekaa kando ya lami wakingoja maganda ya ndizi yarushwe dirishani (mama mdogo angewaelewa). Pundamilia, twiga wawili, kisha tembo na watoto wao wakivuka, basi zima likanyamaza. Pembeni gari la wazi la watalii limesimama, nao wanapiga picha tembo walewale. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na sisi kipande chetu tumekiona kwa nauli ya basi. Mzee wa kiti cha mbele hakuinua hata macho. Alikuwa anahesabu magunia yake ya vitunguu kwenye daftari.

Ijumaa, 23 Agosti. Mikumi

Oda mpya, na si shuka. Mapazia. Mabasi tangu yaruhusiwe tena kusafiri usiku, Oktoba mwaka jana, hayana haja ya kulala njiani, na mwenye gesti anasema hata madereva wengine wa malori wamebadilisha ratiba: wanaingia alfajiri, wanataka kulala mchana, na jua la Mikumi linapita kwenye pazia la maua kama halipo. Anataka kitambaa kizito cheusi, dirisha zima mpaka chini. Nimempigia hesabu, akasema ghali. Nikamwambia aweke bitana ya kaniki upande wa jua tu. Amekubali vyumba sita kwanza, vile vya mashariki, na malipo nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza ameahidi Jumatatu.