Ajali Ile Ilikuwa na Kinga

Mwaka wa 1986 magodauni ya Shimanzi, Mombasa, yalikuwa hayalali. Ukame wa mwaka uliotangulia ulikuwa umeharibu zao la kahawa la Brazil, bei ikapanda duniani kote, na kila mwenye kahawa alitaka yake iwahi meli. Mimi nilikuwa karani wa kuhesabu mizigo katika godauni mojawapo. Nilisimama mlangoni na daftari, nikiandika kila paleti iliyoingia kwenye trela za kwenda bandari ya Kilindini. Kila paleti ilibeba magunia 20 ya kilo 60, yaani kilo 1,200.

Mizigo hiyo ilibebwa na foklifti. Wengi huogopa yale meno ya mbele, kumbe uzito wenyewe uko nyuma, kwenye chuma kinachozuia mtambo usipinduke. Foklifti ya kuinua tani mbili na nusu huwa na uzito wa karibu tani nne ikiwa tupu. Ikiingia ndani ya trela na kufunga breki, huisukuma trela mbele kidogo. Ikitoka kinyumenyume, magurudumu yake huisukuma mbele tena. Trela isiyotiwa kabari huondoka kwenye jukwaa la kupakilia polepole, na bamba la chuma linalounganisha viwili hivyo hubaki limeshika ncha tu.

Ndivyo ilivyokuwa mchana ule. Dereva wa lori alikwenda kula. Magurudumu hayakuwa na kabari wala jiwe. Bamba lilipoanza kucheza, nyapara alimwamuru kijana mmoja, kibarua wa kutwa, ashuke kwenye nafasi iliyo kati ya trela na ukuta wa jukwaa, aliinue bamba kwa mtaimbo huku kazi ikiendelea. Kijana aliangalia chini, akamwangalia nyapara, akashuka. Nje ya lango walikuwapo wengine wengi waliokosa kazi asubuhi ile, naye aliwajua.

Foklifti ilitoka kinyumenyume. Trela ikasogea. Bamba likaanguka, na sehemu ya nyuma ya mtambo ikazama kwenye ule mwanya, ikambana kijana mguu ukutani. Dereva wa foklifti alirushwa sakafuni, akainuka akitetemeka. Wenzake yule kijana walileta jeki ya lori na magogo, wakainua kidogo kidogo, kwa kuwa kuinua kwa pupa kungeuteremsha mtambo juu yake. Mimi nilipiga magoti na kumshika kichwa. Hakulia. Aliniuliza, "Karani, mguu wangu upo?" Nikamwambia upo. Ulikuwapo bado. Hospitalini waliukata juu ya goti.

Jioni nyapara alituambia maneno ambayo kila mtu anayajua: ajali haina kinga. Wazee walitikisa vichwa, na kufikia asubuhi trela nyingine ilikuwa pale pale, ikipakiwa vile vile. Sheria ya kuwafidia wafanyakazi walioumia ilikuwapo hata wakati huo, lakini jina la kijana lilikuwa kwenye karatasi ya siku ile tu. Alipewa nauli na fedha za matumizi, akarudi kwao Kaloleni akiwa na magongo.

Nimekaa na msemo ule miaka yote hii na sijaukubali. Ajali ile ilikuwa na kinga, na kinga yenyewe ilikuwa vipande viwili vya mti chini ya magurudumu, na ufunguo wa lori mkononi mwa msimamizi mpaka upakiaji uishe. Kusema haina kinga ni kumwondolea lawama aliyetoa amri na kumwachia Mungu.

Tangu 2007 Kenya ina sheria mbili nzito: moja ya usalama na afya kazini, nyingine ya mafao ya wanaoumia kazini. Mwajiri anatakiwa awakatie wafanyakazi bima. Mfanyakazi akiripoti hatari kubwa, hairuhusiwi kumrudisha mahali hapo kabla hatari haijaondolewa. Ni sheria njema, lakini kibarua wa kutwa hawezi kuzitumia ikiwa kusema "hapana" kunamkosesha kazi ya kesho. Wakaguzi wakifika kwenye majukwaa ya kupakilia, wakague magurudumu, kisha wawaulize vibarua, nyapara akiwa mbali, kama kuna aliyewahi kukataa kushuka kwenye ule mwanya na akaitwa kazini siku iliyofuata.