Mipira ya Pikapu Yetu

Mtu akinunua gari hutazama rangi yake, husikiliza injini, hujaribu viti. Mipira, ambayo wenzetu wa mashariki huiita matairi, huitazama mwisho, au haitazami kabisa. Lakini katika gari zima ni mipira peke yake inayogusa nchi, tena mahali inapogusa ni padogo, kadiri ya kiganja cha mkono tu kwa kila gurudumu. Juu ya viganja vinne hivyo hukaa gari, mzigo, na roho za watu. Kwa hiyo tumeona vema kuwaandikia mambo tuliyojifunza hapa Musonoi.

Sisi ni ndugu watatu wenye pikapu moja ya kazi. Hupakia unga, mkaa, simenti na samaki. Na mara nyingine, usiku, hupakia wagonjwa. Njia zetu ni za namna tatu. Ya kwanza ni lami, kutoka Kolwezi kwenda Likasi na Lubumbashi, mwendo wa kilometa 300 hivi. Ya pili ni njia za udongo mwekundu za vijijini, pamoja na za upande wa ziwa la Nzilo, ambako mto Lualaba ulizibwa kwa boma la umeme katika miaka ya 1950. Ya tatu ni njia za karibu na machimbo, zenye mawe ya ncha kali. Tangu Mei mpaka Septemba udongo ni vumbi tupu. Mvua zikianza, udongo ule ule huteleza kama sabuni mpaka Aprili.

Mipira yetu ya zamani ilikuwa ya lami. Meno yake yalikuwa madogo, yamekaribiana. Barabarani ilikwenda vizuri, bila kelele. Lakini matopeni meno yale hujaa udongo, na mpira huwa laini kama yai. Ilipokwisha, jirani wakatushauri tununue mipira ya matope, yenye meno makubwa yaliyoachana. Hiyo kweli hukokota topeni, lakini juu ya lami huvuma, huisha upesi, na lami ikilowa haishiki vema. Katikati ya hizo mbili iko mipira ya njia zote: meno yake ni makubwa kiasi, na ubavu wake mara nyingi ni mgumu kuliko wa mipira ya lami.

Je, tuchague ipi? Hatukutaka kuchagua kwa macho. Kwa mwezi mzima mdogo wetu aliandika katika daftari kila safari: kilometa ngapi za lami, ngapi za udongo, ngapi za mawe. Mwisho wa mwezi tukajumlisha. Kumbe zaidi ya nusu ya mwendo wetu ni lami, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni udongo. Basi daftari likatujibu: mipira ya njia zote.

Ndipo ikaja habari ya fedha. Sokoni ilikuwako mipira iliyokwisha kutumika Ulaya, bei yake nusu ya bei ya mipya. Mkubwa wetu akasema, "Tuchukue hii, kinachobaki kilipe karo ya watoto." Mdogo akajibu, "Yaya, tazama kwanza umri wake." Ubavuni mwa mpira, baada ya herufi DOT, kuna tarakimu nne za mwisho: mbili za kwanza ni juma, mbili za pili ni mwaka. Ikiandikwa 1914, maana yake ulitengenezwa katika juma la 19 la mwaka 2014. Meno ya mipira ile yalikuwa bado marefu, lakini ubavu ulikuwa na nyufa nyembamba, kwa sababu jua na hewa hukausha mpira hata ukiwa umelala ghalani. Rahisi ni ghali. Tukalipa karo kwanza, kisha kwa miezi miwili tukafanya kazi ya lami peke yake, mpaka fedha ya mipira minne mipya ikatimia. Hatukununua miwili miwili, kwa maana gari linalokokota kwa magurudumu yote manne lataka mipira ya kimo kimoja. Ikipitana kimo, vyuma vya chini huumia.

Yafaa pia kujua kusoma kipimo. Wetu huandikwa 265/70 R16. Ya kwanza ni upana kwa milimeta; ya pili ni kimo cha ubavu, yaani sehemu 70 katika 100 za upana huo; ya mwisho ni ukubwa wa ringi kwa inchi. Hufuata namba ya mzigo: 112 ni kilo 1,120 kwa kila mpira, 121 ni kilo 1,450. Wako watu ambao huvalisha gari mipira mikubwa ili lionekane refu. Lakini gari lililotengenezwa kwa 245/70 R16 likivishwa 265/70 R16, huongezeka kimo cha mpira milimeta 28. Saa ya mwendo ikisema 100, gari linakwenda karibu 104. Tena mpira waweza kukwaruza bodi wakati wa kukata kona.

Kuishi na mipira ni kazi ya kila siku. Asubuhi, ikiwa bado baridi, twapima upepo kwa kufuata karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa gari. Mzigo ukiwa mzito twaongeza kama ilivyoandikwa hapo. Topeni twapunguza kidogo ili mpira utandaze mguu, lakini twaujaza tena kabla ya kurudi kwenye lami, kwa maana mpira usio na upepo wa kutosha hujikunja, hupata moto, hupasuka. Jioni twatoa mawe yaliyokwama katika meno. Kila kilometa 10,000 twahamisha mipira ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, ili iishe sawasawa. Sheria za nchi nyingi huruhusu meno mpaka milimeta 1.6, sisi hatungoji hapo, kwa kuwa topeni mpira huo hauna kazi tena. Na ubavu ukikatwa na jiwe, hatutii kiraka. Fundi wetu wa mipira, ambao wengi katika Kongo huwaita kwado, alituambia, "Baba, ubavu haushonwi." Alikataa fedha yetu, nasi tukamheshimu tangu siku hiyo.

Mipira hii ina hasara zake pia: yanywa petroli zaidi kidogo, na huvuma barabarani. Twavumilia.

Usiku mmoja wa mvua, mwezi wa Februari, tuliitwa kumchukua mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Mipira ilitupandisha kilima ambacho zamani kingetushinda. Lakini mbele tulikuta kijito kimejaa. Mama mkwe wake akalia, "Wanangu, piteni tu, gari lenu lina nguvu!" Mkubwa wetu akashuka, akasimika fimbo ukingoni, akatazama maji. Mpira si mtumbwi. Tulingoja karibu saa nzima, tukisikia mgonjwa akiugua nyuma yetu, mpaka fimbo ikaonyesha maji yameshuka. Mtoto alizaliwa hospitalini kabla ya mapambazuko.

Basi, ninyi mlio na gari, chagueni mipira kwa njia mnazopita na mzigo mnaopakia, wala si kwa kutaka kusifiwa. Soma tarakimu kabla ya kutoa fedha. Pima upepo kabla ya kuwasha injini. Na mpira ukiwa mzuri namna gani, usiudai kazi iliyo ya dereva: kujua mahali pa kusimama.