Pauni Mia Mbili, Denmark Street

Mjomba wangu wa Kilwa Masoko alinipa maagizo mawili kabla sijapanda ndege: nisivue soksi, na nisinunue gitaa kwa macho. La kwanza lilihusu baridi ya Februari. La pili lilihusu aibu niliyomletea miaka minne nyuma, nilipotoka Kariakoo na gitaa kavu jekundu, linang'aa kama pipi. Masika moja tu ililitosha. Tumbo lilivimba, nyuzi zikapanda juu ya shingo kama kamba ya kuanikia nguo, na kila nilipozibana vidole vilibaki na mifereji. Mjomba aliligonga kwa ukucha akasema, "Hili ni kabati, mwanangu. Limetiwa nyuzi tu."

Sasa nilikuwa nakwenda London, wiki tatu za mafunzo ya kazi, safari yangu ya kwanza nje ya Afrika Mashariki. Pauni 200 za gitaa, nilizokuwa nimezidunduliza kwa mwaka mzima, nilizikunja ndani ya soksi. Kwa hiyo maagizo yote mawili niliyabeba mguu mmoja.

Jumamosi ya kwanza nilishuka kituo cha Tottenham Court Road, chini kabisa ardhini. Kwenye ngazi za umeme wenyeji husimama kulia, wenye haraka wakapita kushoto. Mimi nilisimama katikati kama mbuzi barabarani, hadi mama mmoja akakohoa mara mbili. Nje kulikuwa na baridi ya kuuma meno. Nikaulizia Denmark Street, mtaa ambao nilikuwa nimeambiwa ndio soko la magitaa.

Kichwani nilikuwa na picha ya Kariakoo: mtaa mrefu, vipaza sauti, vijana wa kukuvuta mkono. Nilifika mwisho wa mtaa kabla sijajua kwamba nimeshauanza. Ni mfupi hivyo! Nikarudi, nikaanza upya polepole. Jina lake limetoka kwa mwana wa mfalme wa Denmark aliyemuoa Malkia Anne, lakini Mdenmark sikumwona, kama usivyokwenda Mtaa wa Kongo kumtafuta Mkongo. Zamani palikuwa pa wachapishaji wa muziki, na katika chumba kimoja kidogo hapo ndipo Rolling Stones walipoirekodi albamu yao ya kwanza, mwaka 1964. Siku hizi madirishani yananing'inia magitaa, yamepangwa shingo kwa shingo kama nguru mnadani.

Nilipoingia duka la kwanza nilisimama mlangoni nikingoja kusumbuliwa. Hakuna aliyenisumbua. Muuzaji, kijana mwenye ndevu nyekundu, aliinua kichwa, akanisalimu, akarudi kwenye chai yake. Nikauliza kama naruhusiwa kugusa. Akaniangalia kama niliyeomba ruhusa ya kupumua. Alinishushia gitaa la bei ya pikipiki mpya, akanipa kiti, akaondoka zake! Kwetu ukitaka kujaribu redio ya elfu ishirini, mwenye duka anaishika mwenyewe, wewe unasikiliza kwa mbali.

Basi nikakaa. Vidole vikakimbilia vilikozoea, kidole gumba na cha shahada tu, ule upigaji wa mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco ambao mjomba alinifundisha kabla sijajua kusoma. Masanga, wimbo wake, ilirekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, na mjomba huipiga kama vile imerekodiwa jana uani kwake. Kijana wa ndevu aliiacha chai yake.

"Vidole viwili tu?" aliuliza.

Hapo ndipo tulipokuwa marafiki. Nilimwambia ukweli kuhusu bajeti, na kuhusu kabati langu jekundu. Hakucheka. Aliniita tuchungulie pamoja ukingo wa lile tundu la katikati. Ukiona mistari ya mti imeshuka moja kwa moja ukingoni, huo ni ubao mmoja. Ukiona tabaka juu ya tabaka, kama chapati iliyosukumwa vizuri, hiyo ni plaiwudi. Kwa pesa yangu, alisema, nisiote gitaa la ubao mtupu kila mahali. Nitafute lenye uso wa ubao mmoja wa sprusi, jamaa ya msonobari. Ubavu na mgongo vikiwa plaiwudi nivumilie, maana uso ndio unaotikiswa na nyuzi. Nilimwelewa upesi kuliko alivyotarajia: ngoma ni ngozi, mzinga baadaye.

Kisha akatoa sarafu ya pauni moja, ile yenye pembe 12, unene wake milimita 2.8. Akaichomeka chini ya uzi mnene, juu ya chuma cha 12 cha shingo. Ikakaa kwa kubanwa kidogo. "Ikicheza humo, nyuzi ziko juu mno," alisema. Nikalikumbuka gitaa langu la nyumbani. Lingemeza sarafu mbili na kuomba ya tatu.

Siku hiyo sikununua. Niliingia maduka mengine, nikajaribu makubwa yenye mabega mapana wanayoyaita Dreadnought. Jina ni la manowari ya Kiingereza ya mwaka 1906, nayo kampuni ya Martin ya Marekani ikaliazima mwaka 1916. Yana ngurumo kweli, lakini ukiwa mfupi kama mimi ni kama kukumbatia ngalawa. Sauti ilinipendeza, kwapa likalalamika.

Katika duka moja, ukutani juu kabisa, niliona gitaa lenye mgongo mweusi tii. Niliujua mti ule kabla sijasoma karatasi. Mpingo! Ule ule wa bakora ya babu na vinyago vya Wamakonde, ule unaozama ukiutupa majini. Bei yake ingeninunulia pikipiki tano. Nilimweleza mwenye duka kwamba kwetu Kilwa mti huo unaota msituni, na akauliza kwa hamu kama basi magitaa yake ni rahisi huko. Nilibaki mdomo wazi. Sijawahi kuona gitaa la mpingo Kilwa, wala Dar es Salaam. Nililiona siku hiyo, London, nalo sikuligusa.

Jumatano jioni nilirudi kwa yule wa ndevu nikiwa na ombi la kichaa. Nilitaka kulitii agizo la mjomba neno kwa neno. Nikageukia ukuta, nikamwomba apige wimbo mmoja kwa magitaa matano, moja baada ya jingine, bila kunitajia majina. Wateja wawili walisimama kutazama mtu mweusi aliyewekwa kona kama mtoto mtukutu. Nikachagua namba nne. Akayachanganya, akarudia. Nikachagua namba mbili, na ikawa lile lile. La bei kubwa kuliko yote lilishika nafasi ya tatu.

Nilipogeuka nilivunjika moyo kidogo, naungama. Lilikuwa Yamaha FG800, jepesi kwa rangi kama chapati ya maji, halina hata ua moja la urembo. Ukoo wake wa FG ulianza Japani mwaka 1966. Nikachungulia shingo kama fundi anavyochungulia mbao, nikabana kila uzi kwenye kila chuma nikisikiliza mlio wa nyuki. Safi.

"Bei ya mwisho?" nikauliza.

"Imeandikwa hapo," akajibu, akinionyesha pauni 189.

Nikasogea mlangoni taratibu, kama inavyopasa, nikingoja kuitwa. Hakuniita. Nilirudi mwenyewe, nimefedheheka, nikavua kiatu kutoa pesa huku akitazama. Watu hawa wanakuamini na gitaa la mamilioni kwa saa nzima, lakini peni moja ya bei hawakupi. Nikamwomba basi nyongeza. Neno lilimpa shida, ila nilipomweleza alicheka, akanitupia pakiti ya nyuzi.

Nyumbani mjomba hakuniuliza habari za London. Alililegezea kanga niliyolifungia, akanusa tundu, akaligonga kwa ukucha, akakaa kimya. Nikampa sarafu ya pauni niliyobaki nayo, nikamwonyesha pa kuichomeka.

"Ukawapa bei waliyoitaja? Yote?"

"Yote, mjomba."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akakaa kwenye kigoda, akaanza Masanga. Sarafu aliitia mfukoni, na gitaa sikulipata mpaka kesho yake.