Ubao wa Babu

Kimbunga Beryl kilipopita Houston Julai 2024, kiliangusha mpekani uliokuwa nyuma ya nyumba ya babu wa mwenzetu mmoja. Klabuni sote tunamwita Babu. Alikuwa seremala Tanga, na ubao wake wa bao ulibaki huko alipohamia kwa watoto. Tukaona hiyo ndiyo nafasi ya kumchongea mwingine.

Mpekani ni mti rasmi wa jimbo la Texas tangu 1919, ila wengi wetu tuliujua kwa kokwa zake tu, na kwa vipande vya kuchomea nyama kwa moshi. Kumbe mbao zake tunazikanyaga kila siku. Hutengenezewa sakafu, makabati na mipini, na dukani huuzwa pamoja na za hikori, ndugu yake, maana zikishapasuliwa ni shida kuzitofautisha. Ni ngumu kuliko mwaloni. Jirani aliyetupasulia gogo alibadilisha msumeno mara mbili.

Babu aliugonga ubao kwa kidole. "Huu bado mbichi, wajukuu."

Tukaitikia "ndiyo, Babu" na kuendelea. Ukiwa mbichi unachongeka vizuri, nasi tulitaka uwe tayari siku atakapotimiza miaka 81. Tukachimba mashimo 32 kwa patasi, safu nne za manane manane, hadi viganja vikatoka malengelenge. Tukauweka sebuleni, penye kiyoyozi.

Wiki ya tatu ulitoa mlio kama fimbo inayovunjika. Ufa ulianzia kichwani ukaenda moja kwa moja hadi kwenye nyumba, lile shimo ambalo Babu hulilinda kuliko yote.

Mpekani ukikauka kabisa hupoteza zaidi ya asilimia 13 ya ujazo wake. Tena hausinyai sawasawa: kwa kufuata pete zake husinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kiini kwenda gomeni. Pande zikivutana hivyo, lazima pamoja paachie. Mninga, aliouzoea Babu, husinyaa kidogo sana.

Tulimwuliza kwa nini hakutuzuia.

"Mngenisikia?"

Tukaanza upya, safari hii kwa amri yake. Tulipaka rangi vichwa vya mbao zilizobaki ili maji yasitoke haraka, tukazipanga gereji na vijiti katikati hewa ipite. Sasa ni kungoja, kama mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Ubao wetu ni inchi mbili. Hapo tulinyamaza wote, kila mtu akipiga hesabu ya umri wa Babu bila kuitamka. Mmoja akasema tununue mbao zilizokaushwa kwa tanuri. Babu akakataa. Kivuli alichokuwa akikaa ni cha mti huu.

Kwa sasa tumechimba mashimo ardhini, kando ya kisiki, na kete ni kokwa za pekani. Tatizo ni kindi. Jumapili iliyopita tulianza na kete 64 tukamaliza na 59, na Babu anashikilia kwamba alishinda.